Nablus: mji wa sabuni ambao wengi wetu tunaujua kwa jina la Shekemu

Mama Sabuni (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome baadaye.

Miaka mitatu nyuma mteja wangu mmoja alikwenda kuhiji Yerusalemu na kikundi cha kanisani kwao. Wenzake walirudi na chupa za maji ya Yordani. Mimi aliniletea kipande cha sabuni, kwa sababu anajua ndiyo kazi yangu. Napika sabuni nyumbani hapa Morogoro, huu ni mwaka wa 11, za mche na za kuogea. Kipande chenyewe kilikuwa cha mraba, rangi ya mtindi, kimefungwa karatasi kwa mkono. Juu yake kimepigwa muhuri wa funguo mbili na maandishi ya Kiarabu. Nikakinusa. Hakuna manukato, hakuna mchaichai, hakuna karafuu. Mafuta tu, tena kwa mbali. Nikaogea. Povu lake dogo lakini zito, na nilipojifuta ngozi haikuvuta hata kidogo.

Nikampigia simu: dada, hii imetoka wapi? Akaniambia inatengenezwa mji mmoja wa Wapalestina unaitwa Nablus.

Nablus niliyokuwa naijua ni ya kwenye taarifa ya habari: wanajeshi, moshi, jeneza linapita juu ya vichwa vya watu. Sikuwahi kujiuliza watu wa pale wanaamka asubuhi kufanya kazi gani. Tangu siku hiyo nasoma kila ninachokipata kuhusu mji ule, na nimegundua kwamba wengi wetu tunaujua tangu utotoni, ila hatukuambiwa kwamba ni uleule.

Aliyesoma kitabu cha Mwanzo anaikumbuka Shekemu. Ndipo alipofika Abrahamu alipoingia Kanaani, na ndipo Yakobo aliponunua shamba. Magofu ya Shekemu yapo mpaka leo, yanaitwa Tell Balata, upande wa mashariki wa Nablus, katikati ya nyumba za watu. Mwaka 72 Kaisari Vespasian wa Roma, akiwa ametoka kuzima uasi wa Wayahudi, alianzisha mji mwingine kama kilomita mbili magharibi ya pale. Akauita Flavia Neapolis. Flavia ni jina la ukoo wake, Neapolis ni Kigiriki, maana yake mji mpya. Waarabu walipouchukua karne ya 7, kwa kuwa Kiarabu hakina P, Neapolis ikageuka Nabulus. Napoli ya Italia nayo jina lake limetoka kwenye neno hilohilo.

Mji umelala bondeni, milima miwili imeubana. Kusini Gerizimu, mita 881. Kaskazini Ebali, mita 940. Ndiyo milima ya Kumbukumbu la Torati, mmoja wa baraka na mwingine wa laana. Nyumba zimepanda pande zote mbili kama viti vya uwanja wa mpira, na usiku taa za upande huu zinatazamana na za upande ule. Bonde lina chemchemi nyingi. Njia ya kutoka pwani kwenda Yordani ilipita hapo, na ya kutoka Yerusalemu kwenda Galilaya na Dameski ilipita hapo pia. Maji na njia kuu vikikutana mahali pamoja, soko linaota lenyewe. Waarabu wa zamani waliuita Dameski Ndogo.

Ila likumbukeni umbo hilo la bonde, nitalirudia. Mji uliobanwa na milima miwili unaweza kufungwa kwa kuziba ncha mbili tu.

Kesho nakuja na sabuni yenyewe.

Kijana wa Mabibo

Mama shikamoo. Nakaa hapa kusubiri. Swali: kile kisima cha mwanamke Msamaria kiko hukohuko?

Mama Sabuni

Marahaba mwanangu. Ndiyo, kiko Balata, hatua chache kutoka magofu ya Shekemu, ndani ya kanisa la Waorthodoksi wa Kigiriki. Unashuka ngazi hadi chini ya madhabahu na unakikuta kina mdomo wa jiwe, roda na ndoo. Kina chake ni kama mita 40. Yule mwanamke alipomwambia Yesu kwamba kisima ni kirefu alikuwa anasema kweli kabisa. Kanisa la sasa lilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 20, Vita vya Kwanza vya Dunia vikalisimamisha likiwa kuta bila paa, likakaa hivyo miongo na miongo mpaka likamalizwa karibu na wakati wetu huu.

Mama Sabuni

Sabuni sasa. Wapishi wenzangu mkae karibu.

Viungo ni vitatu tu: mafuta ya zeituni, maji, na magadi. Milima yote kuzunguka Nablus ni mizeituni. Magadi yao ya zamani yalikuwa majivu ya mimea ya nyikani. Mabedui waliichoma ng'ambo ya Yordani na kuleta majivu mjini kwa misafara ya ngamia, yakasagwa na kuchanganywa na chokaa. Leo wanatumia kostiki, yaani magadi makali ya dukani, kama mimi na wewe.

Kiwanda cha kale, wenyewe wanakiita masbana, ni jumba la mawe la ghorofa. Chini kuna visima vya kuhifadhia mafuta vilivyochimbwa sakafuni, na sufuria moja kubwa la shaba lililojengewa kabisa na tanuru chini yake. Moto waliuwasha kwa makapi ya zeituni iliyokwisha kukamuliwa, yaani tunda halitupwi hata kokwa. Sisi wengi humu tunafanya bila moto: kostiki ikishapoa unaimimina kwenye mafuta, unakoroga mpaka iwe kama uji mzito, unamwaga kwenye fremu. Wao wanapika siku kadhaa mfululizo. Zamani ilifika wiki nzima, na anayeamua kwamba imeiva ni fundi mkuu tu, rayyis. Hakuna kipimo kingine kinachomzidi.

Ikiiva inapandishwa juu kwa ndoo, watu wanakimbizana ngazini kabla haijaanza kuganda. Huko juu ndipo nilipoishiwa maneno nilipoona picha zake. Hakuna fremu. Sakafu nzima ya ghorofa ndiyo fremu! Wanaimwaga chini kama mnavyomwaga zege, wanaisawazisha, wanaiacha ishike. Kisha wanapiga mistari kwa uzi uliochovywa rangi nyekundu, kama fundi seremala anavyopiga uzi kwenye ubao. Anakuja mpiga muhuri, amechuchumaa, nyundo ya muhuri mkononi, anagonga miraba huku anasogea, mgongo haunyooki mpaka amemaliza chumba. Halafu mkataji anavuta kisu chenye mpini mrefu juu ya ile mistari.

Baada ya hapo vipande vinapangwa kuwa minara. Ya duara, ndani tupu, chini mipana na juu imechongoka, mirefu kuliko mtu. Kati ya kipande na kipande kuna nafasi ya upepo, na ndiyo maana ndani panaachwa tupu, hewa ipite pande zote. Sabuni inakaa hapo miezi ikikauka. Ikishakauka wanaume wanaketi chini na kuifunga karatasi moja moja kwa kasi ambayo jicho haliifuati.

Nisimame kidogo hapo kwenye kukauka. Mwaka wangu wa pili nilipata oda kubwa ya vipande vya kuogea, nikaingiwa na pupa, nikafunga sabuni ya wiki mbili. Ndani ya mwezi ilisinyaa, karatasi zikawa zinacheza, mteja akarudisha boksi zote. Tangu hapo najua kwamba sabuni ya mafuta matupu haitaki haraka, na ya zeituni ndiyo kabisa, ukiioga changa inateleza kama ute wa bamia. Kwa hiyo mtu mwenye kiwanda Nablus fedha yake inalala miezi kwenye minara ile kabla hajaona senti. Biashara ya namna hiyo inahitaji mtaji mnene, na ndiyo maana sabuni ilijenga matajiri. Wafanyabiashara wa Nablus walikuwa wanawalipa wakulima vijijini mapema, mafuta yangali juu ya mti, kwa bei ya kumuumiza mkulima. Watu wa Mtwara na Lindi hawahitaji kufafanuliwa, ni kangomba ileile ya korosho. Uzuri wa yale majumba ya mawe una jasho la wakulima ndani yake, na hilo lazima lisemwe.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mji ulikuwa na viwanda zaidi ya 30, na sabuni ikiuzwa Misri, Syria hadi Hijazi. Tarehe 11 Julai 1927 tetemeko kubwa likaupiga mji na kuangusha sehemu ya majengo ya kale. Sabuni za viwandani za bei rahisi zikaja. Aprili 2002 jeshi la Israel lilipouvamia mji wa kale, mabomu na matingatinga yaliharibu mamia ya majengo, vikiwemo viwanda vya kale vya sabuni. Leo vinavyofanya kazi kwa njia ya asili ni vya kuhesabu kwa vidole. Ila familia nyingi bado zinapika zenyewe nyumbani baada ya mavuno ya zeituni, kila mama na mkono wake. Desemba 2024 UNESCO iliuingiza upishi wa sabuni wa Nablus kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Nilipoisoma habari ile nilikuwa jikoni na glavu mkononi, nikakaa chini kwenye ndoo, machozi yakanilenga. Kazi yetu hii watu wanaidharau sana.

Bint Forodhani

Dada yangu ahsante. Umeruka kunafa! Wapalestina wote nilowahi kukutana nao Maskati wanakwambia kunafa ni ya Nablus, kwengine ni kuiga tu.

Mama Sabuni

Bibie sijairuka, nilikuwa naogopa kuandika nikiwa na njaa.

Kwa wasioijua: chini ni jibini nyeupe ya Nablus, inayohifadhiwa kwenye maji ya chumvi na kulowekwa mpaka chumvi itoke. Juu yake unga wa tambi nyembamba uliokaangwa kwa samli na kutiwa rangi ya machungwa. Inapikwa kwenye sinia la duara pana kama ungo mkubwa, muuzaji analizungusha juu ya moto ili iive sawasawa, halafu anabandika sinia jingine juu na kupindua yote kwa mkupuo mmoja. Inamwagiwa shira ikiwa moto, inanyunyiziwa pistachio. Jibini inavutika kama ulimbo. Watu wanaila asubuhi, wengine wakiwa wamesimama kichochoroni. Mwaka 2009 wapishi wa mji waliandaa kunafa ya urefu wa mita 75 barabarani, watu maelfu wakajitokeza. Kwa nini mwaka ule, nitaeleza nikifika kwenye vizuizi.

Bint Forodhani

Na shira yao huwa ina maji ya mawaridi, si nzito kama yetu ya kaimati. Endelea dada.

Mchunga Kondoo

Mleta uzi, nami niulize. Huku kanisani tumehubiri Msamaria Mwema miaka yote. Wasamaria hawa walikwisha, au bado wapo?

Mama Sabuni

Baba, wapo. Na mimi ndilo lililonishangaza kuliko yote.

Wasamaria wa leo ni watu kati ya 800 na 900 duniani kote. Nusu wanaishi Holon karibu na Tel Aviv, nusu wanaishi juu ya mlima Gerizimu, kijiji kinachoutazama mji wa Nablus kwa chini. Mwaka 1917 walikuwa wamebaki chini ya 150, watu wakidhani kizazi kijacho hakitawakuta. Wanajiita wana wa Israeli waliobaki. Torati yao ni vitabu vitano vya Musa tu, imeandikwa kwa herufi za Kiebrania cha kale ambazo Wayahudi wenyewe waliziacha zamani. Kwao mahali Mungu alipopachagua si Yerusalemu, ni Gerizimu. Ugomvi ule ule ambao yule mwanamke alimuuliza Yesu pale kisimani, kwamba baba zetu waliabudu katika mlima huu, haujaisha mpaka leo.

Na Pasaka wanachinja kweli. Kila mwaka jamii nzima inakusanyika juu mlimani jioni, wanaume wamevaa nguo nyeupe, makuhani na vilemba vyao. Kondoo wanachinjwa kwa pamoja jua linapozama, wanachunwa, wanachomekwa kwenye miti mirefu na kushushwa kwenye mashimo ya moto, mdomo wa shimo unafunikwa kwa udongo. Usiku wanakula kwa haraka, kama Kutoka inavyoagiza. Wakati wa Sikukuu ya Vibanda hawajengi kibanda nje. Wanakijenga ndani ya nyumba, juu ya kochi na meza, dari nzima inakuwa makomamanga, malimao, machungwa na matofaa yaliyofungwa kwa mamia. Unaketi sebuleni chini ya mbingu ya matunda.

Zamani waliishi ndani ya mji wa kale, mtaa wao karibu na Yasmina. Walihamia mlimani wakati wa intifada ya kwanza, yaani maasi ya Wapalestina dhidi ya utawala wa Israel, mwishoni mwa miaka ya 1980. Lakini lugha yao ya nyumbani ni Kiarabu, wengi wana maduka na kazi mjini, na kwenye uchaguzi wa bunge la Wapalestina wa 1996 walitengewa kiti kimoja. Wana vitambulisho vya pande zote mbili. Katika nchi ambayo kila mtu anaulizwa wewe wa wapi, hawa wanapita katikati kwa uangalifu mkubwa. Kwa sababu ni wachache na waliooana wao kwa wao kwa karne nyingi, miaka ya karibuni baadhi ya vijana wao wameoa wanawake kutoka Ukraine, wanawake wanaokubali kushika sheria zote.

Mchunga Kondoo

Mungu akubariki mama. Jumapili hii nitalisema.

Mzee wa Kahawa

Mama Sabuni, mengi mazuri, ila usituachie kunafa na Biblia peke yake. Mji ule una damu. Tueleze na siasa yake.

Mama Sabuni

Mzee wangu ni haki yako. Nilikuwa najipanga.

Wapalestina wenyewe wanauita Jabal an-Nar, Mlima wa Moto. Sifa ya kukataa kutawaliwa wameibeba muda mrefu. Mwaka 1834, watawala kutoka Misri walipoanza kuwachukua vijana wao jeshini kwa nguvu, milima ya Nablus ilikuwa mstari wa mbele kwenye uasi. Aprili 1936, chini ya Waingereza, kamati ya kwanza ya ule mgomo mkuu iliundwa Nablus, kisha mgomo ukashika nchi nzima kwa miezi sita. Kisha 1948, vita vya kuundwa kwa Israel vikaleta wakimbizi. Kisha Jordan ikautawala mpaka vita vya 1967, Israel ikauchukua. Meya aliyechaguliwa 1976, Bassam Shakaa, alitegewa bomu ndani ya gari lake tarehe 2 Juni 1980 na kikundi cha siri cha walowezi wa Kiyahudi, akapoteza miguu yote miwili.

Ila kama mnataka kuujua moyo wa mji huu, nawaombeni msome habari za nyumba moja, ya ukoo wa Tuqan, ambao ndio ukoo wa ile sabuni ya funguo mbili. Ibrahim Tuqan, aliyezaliwa 1905, aliandika shairi la Mawtini, yaani Nchi Yangu. Wapalestina wakaliimba miongo mingi, na tangu 2004 ndio wimbo wa taifa wa Iraq. Dada yake Fadwa, aliyezaliwa 1917, alikuwa bado mtoto wa shule alipopewa ua la asumini na kijana mmoja njiani. Nyumbani wakajua. Akakatazwa kutoka, shule ikaisha hapohapo. Ibrahim aliporudi nyumbani akamwona dada yake anafifia, akaanza kumfundisha ushairi mwenyewe. Msichana aliyefungiwa ndani kwa sababu ya ua moja akawa mshairi mkubwa kabisa wa Kipalestina wa upande wa wanawake. Alifariki Desemba 2003, mji wake ukiwa umezingirwa. Nikimfikiria naona amefungiwa mara mbili, na watu wawili tofauti.

Sasa turudi kwenye lile bonde.

Mwishoni mwa 1995, chini ya makubaliano ya Oslo kati ya Israel na Wapalestina, wanajeshi wa Israel waliondoka mjini na Mamlaka ya Palestina ikaingia. Mji ukachangamka. Soko la hisa la Palestina likawekwa hapo Nablus na kuanza kazi 1997, maana huo ndio ulikuwa mji wa wafanyabiashara. Lakini barabara za nje zilibaki mikononi mwa jeshi. Intifada ya pili ilipoanza mwaka 2000, ncha za bonde zikazibwa: Huwara kusini, Beit Iba magharibi. Kwa miaka karibu minane huwezi kutoka na gari lako bila kibali. Unashuka, unapanga foleni kwenye vyuma, unapekuliwa, unachukua gari jingine ng'ambo. Siku nyingi wanaume vijana hawakuruhusiwa kabisa.

Mizigo ilikuwa hivi. Lori la Nablus linakuja mpaka kizuizini, Awarta. Linageuza nyuma. Lori jingine la ng'ambo nalo linageuza nyuma. Mizigo inashushwa huku na kupakiwa kule, boksi kwa boksi. Wafanyabiashara mnaonisoma, hesabuni: wapagazi mara mbili, nauli mara mbili, saa za kusubiri juani, vilivyovunjika, nyanya zilizooza. Sabuni haiozi, lakini mteja wa Ramallah hawezi kusubiri mzigo usiojulikana utatoka lini. Atanunua kwingine. Mimi nikicheleweshwa mzani wa Mikese nusu siku nalalamika wiki nzima. Wao ilikuwa miaka. Wenye mitaji wakaanza kuhamia Ramallah, na mji uliokuwa mji mkuu wa biashara ukanyauka taratibu. Huo ndio unyonge ninaotaka mwuone, kwa sababu picha za televisheni haziuoneshi. Risasi inaonekana. Foleni ya malori yaliyogeuziana migongo haionekani.

Mwaka 2009 vizuizi vililegezwa. Magari yakaanza kupita. Sinema ikafunguliwa mjini. Na ndiyo kiangazi waliyopika ile kunafa ya mita 75.

Kijana wa Mabibo

Mama, na hiyo Balata ya kwenye kisima ndiyo kambi ya wakimbizi tunayoisikia?

Mama Sabuni

Ndiyo, jina moja na ziko jirani. Kambi ya Balata ilianzishwa 1950 kwa ajili ya waliofukuzwa Jaffa na vijiji vya jirani yake. Ukubwa wake ni robo ya kilomita ya mraba, nawe jaribu kuipiga hatua: mita 500 kwa 500. Humo wamo watu wengi kuliko kambi nyingine yoyote ya Ukingo wa Magharibi. Hawawezi kupanuka kwa pembeni, wakapanda juu. Vichochoro vingine mtu mnene anapita kwa ubavu, na jeneza inabidi lisimamishwe wima. Wajukuu na vitukuu bado wakiulizwa wewe wa wapi wanasema wa Jaffa, bahari ambayo wengi wao hawajawahi kuiona, ingawa kutoka juu ya Gerizimu hewa ikiwa safi inaonekana kwa macho.

Jirani kabisa lipo kaburi la Yusufu. Waumini wa Kiyahudi huletwa kusali usiku wakisindikizwa na jeshi, na usiku huo kambi na mitaa ya jirani haijui usingizi, mawe na mabomu ya machozi, mara nyingine vifo. Yusufu huyohuyo Waislamu wanamheshimu kama nabii, Wakristo wanamsoma, Wasamaria wanamhesabu babu yao.

Mzee wa Kahawa

Na hali ya sasa?

Mama Sabuni

Mzee, ngumu. Oktoba 2022 mji ulizingirwa wiki kadhaa, jeshi likiwatafuta vijana wenye silaha wa mji wa kale. Tarehe 22 Februari 2023 jeshi liliingia mchana kweupe na Wapalestina 11 wakauawa. Siku nne baadaye, baada ya walowezi wawili ndugu kuuawa kwa risasi Huwara, walowezi waliingia mji huohuo wa Huwara usiku na kuchoma nyumba na magari. Tangu vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023 vizuizi vya zamani vimerudi: mageti ya chuma kwenye barabara, foleni, mtu anatoka kijiji cha jirani kwenda kazini hajui atafika saa ngapi. Msimu wa zeituni umekuwa msimu wa hofu, maana wakulima wengi wenye mashamba karibu na makazi ya walowezi wanazuiwa au wanashambuliwa wakichuma. Na bila zeituni hakuna sabuni.

Lakini mji haujalala, na hilo nalisema kwa kusisitiza. Watu zaidi ya 150,000 wanaishi pale. Chuo Kikuu cha An-Najah, kilichoanza kama shule 1918 na kuwa chuo kikuu 1977, kina wanafunzi zaidi ya 20,000, wasichana wengi mno, na hospitali yake ya kufundishia. Asubuhi masinia ya kunafa yanazungushwa. Ule mnara wa saa wa Sultani Abdulhamid bado umesimama kwenye uwanja wa mji wa kale. Kuna mabafu ya kale ya mvuke ambayo bado yanawasha moto, na unajisugua kwa sabuni ya palepale.

Bint Forodhani

Dada, na kile kipande ulicholetewa, kimekwisha?

Mama Sabuni

Nusu nilioga, nusu nimeiweka. Mwaka huu nikajipa moyo, nikanunua lita tano za mafuta ya zeituni matupu, bei yake sitaki hata kuitaja, nikapika kwa moto kama wao, siku mbili, sufuria langu dogo. Nilipiga mistari kwa uzi uliochovywa rangi ya maji ya kiwekundu. Vipande 43. Nimevipanga mnara juu ya kabati, ndani tupu, umenifika kiunoni tu na umepinda kidogo kushoto. Wajukuu nimewakataza kuusogelea. Una mwezi wa tatu sasa. Jana nilitoa kipande kimoja nikakibonyeza kwa kucha, bado kinaingia.